Masika ya Baba Mkwe

Machi 4

Mvua imeanza. Kabla sijawasha moto Nancy kapiga simu kutoka Mbeya. Nancy ni wifi yangu, nesi, na akipiga asubuhi namna ile ujue hakulala.

"Wifi, nasikia baba ameanguka tena."

Nikamwambia hakuanguka, aliteleza kwenye ngazi ya baraza akakaa kitako.

"Wewe unaita kukaa. Sasa sikiliza. Akianguka mara nyingine nakuja na gari namchukua. Huku choo kipo ndani na mimi mwenyewe nipo. Sitaki mjadala."

Sikumjibu vizuri. Mwaka jana mama mkwe, siku zake za mwisho, alinishika mkono akasema, "Tumaini, mzee huyu ukimtoa kwenye migomba yake atakauka. Usikubali wamhamishe." Nikakubali. Kukubali ni rahisi ukiwa umeshikwa mkono na mtu anayekufa. Mume wangu Ezra yuko Tunduma kwenye maghala, anarudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mzigo ni wangu.

Machi 5

Kazi ingekuwa nyepesi kama ningeweza kumtazama.

Kwetu mke wa mtoto humwogopa baba mkwe. Hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja, jina lake halitamki, na mimi siliandiki hata humu. Nilikuja kijiji hiki cha Ipyana nikiwa binti, leo nina mvi, na sijawahi kusimama mbele yake. Akija njiani naacha njia, najifunika kanga, nageukia migomba mpaka apite. Wengi mjini wameshaacha, wanakula meza moja na baba mkwe na kutazama taarifa ya habari pamoja. Mzee wetu hajaacha, na mama mkwe alinifundisha kwamba hiyo ndiyo heshima yenyewe. Alipokuwa hai maneno yote yalipitia kwake. Sasa yanapitia kwa Aliko, mtoto wa ndugu yake mzee, anayekaa jirani na ndiye anayeingia ndani. Aliko asipokuwepo, yanapitia kwa kuku.

Ndiyo, kuku. Mzee ana kishingo mmoja, kuku asiye na manyoya shingoni, anayeshinda barazani. Nikipeleka chakula nakohoa nikiwa bado mgombani, mzee anaingia ndani, naweka sahani kwenye kigoda, kisha namwambia kuku, "Kuku, waambie wenye nyumba wali upo." Sauti inatoka ndani ikishukuru kwa lugha ya kwetu, "Kuku, sema ndaga fijo. Na sema jana chumvi ilizidi."

Nilipomsimulia Siti alicheka mpaka akajifuta machozi. Siti ana duka la vitambaa Bondeni, nami ndiye ninayemshonea. Kwao, mama yake mzazi anaogeshwa na mke wa kaka yake, na hakuna anayeshangaa.

"Na kuku akianza kuatamia mtaongea na nani?" akaniuliza.

Machi 10

Nimemwazia Nancy mpaka nimepata hasira, na hasira imenipa akili. Nimemwambia Aliko akate mianzi. Wakati wa usingizi wa mchana wa mzee tumeisimika kuanzia mlangoni kwake hadi chooni, kimo cha kiuno, imefungwa na mpira ili isicheze. Ngazi ya baraza tumeigongelea gunia lisilolowa haraka. Zile ndala zake zilizolika nimezitupa chooni kwa mkono wangu, nikamnunulia katambuga. Katambuga ni mpira wa gari, kwenye tope zinashika.

Alipoamka nilisikia, "Kuku, waambie mimi si ng'ombe wa kuwekewa ua. Na ndala zangu ziko wapi?"

Nikamwambia kuku sijui.

Machi 12

Aliko kasema mzee kaenda chooni peke yake mara zote, kashika mianzi, anapiga mluzi.

Machi 15

Mvua. Mpunga umesimama vizuri. Mzee kalalamikia chumvi.

Machi 20

Jana asubuhi mzee alimeza dawa za presha za jioni, kisha palepale akameza na za asubuhi. Alishinda kitandani nyumba ikimzunguka. Hakumwambia mtu, aliyegundua ni Aliko alipoona vidonge vimepungua.

Leo nimekaa na cherehani nikamshonea mfuko wa ukutani. Mstari wa juu kitambaa cheupe, dawa za asubuhi. Mstari wa chini cheusi, za jioni. Kila siku ina mfuko wake, na mfuko ukiwa mtupu amekunywa. Aliko kautundika karibu na kitanda, ambacho wiki iliyopita tulikikata miguu ili nyayo zake zifike chini akikaa.

Jioni nikaweka sahani. Nikaanza kurudi, nikidhani kalala. Kisha, "Kuku, sema huu mfuko una akili kuliko daktari."

Nilicheka nikiwa mgombani, mkono mdomoni. Miaka yote hii nilimjua mzee kwa kikohozi na malalamiko. Sikujua kama ni mtu wa mzaha.

Machi 27

Nancy kaagiza tumpe filimbi ya kupuliza akipata shida. Tumeijaribu leo, mvua ikipiga bati. Aliko kapuliza mpaka macho yakamtoka, nami jikoni kwangu sikusikia kitu. Basi tumekubaliana hivi: mzee akiamka salama anatundika kitambaa cha kijani dirishani. Nisipokiona jua likishapanda, namwita Aliko. Kitambaa ni kipande cha gauni langu la zamani, ila hilo hakuambiwa.

Aprili 2

Ezra kaja, kamtazama baba yake akitembea kando ya mianzi, kasema, "Baba ananishinda mimi." Tukampigia Nancy tukiwa na furaha. Nancy kasikiliza yote, kisha kauliza, "Na bafuni?"

Bafu hatukuwa tumeligusa. Bafu la mzee ni mabati manne nyuma ya nyumba, pazia la gunia, na sakafu ya saruji iliyosuguliwa laini na mama mkwe enzi zake kwa kujivunia usafi. Mahali anapovua nguo baba mkwe siwezi hata kukanyaga, seuze kupima nguzo. Nikasema Aliko atalishughulikia.

"Saruji ikilowa ni sabuni," Nancy akasema. "Msichelewe."

Aliko kaahidi wiki ijayo, akimaliza palizi.

Aprili 9

Mvua siku nzima. Aliko kasema wiki ijayo.

Aprili 13

Leo kwenye kigoda nimekuta kichane cha ndizi mbivu. "Kuku, sema hizi ni za yule anayeshona." Alizikata mwenyewe, kashika mianzi kwa mkono mmoja na panga kwa mwingine. Ningepaswa kumgombeza. Nimekula tatu palepale jikoni nikilia kidogo, sijui nalia nini.

Nilianza kazi hii kwa ajili ya mama mkwe. Sasa naifanya kwa ajili ya mzee mwenyewe.

Aprili 15

Mto umepanda. Aliko bado.

Aprili 18

Jana sikuandika. Leo nitaandika yote.

Ezra alikuwa amesharudi Tunduma, na jana asubuhi Aliko na karibu wanaume wote wa upande wetu walikwenda msibani ng'ambo ya mto. Mvua ilikuwa inamwagika. Kitambaa cha kijani kilikuwa dirishani, kwa hiyo moyo wangu ulikuwa umetulia. Nikapeleka chai, nikakohoa, nikamwambia kuku chai ipo. Jibu halikutoka ndani, lilitoka kule kwenye mabati.

"Kuku, sema tunaoga."

Sauti ilikuwa chini. Nikasema ni mvua. Nikarudi kushona.

Mchana nikapeleka wali. Chai ilikuwa palepale kwenye kigoda, kikombe kimejaa maji ya mvua. Nikamwambia kuku awaulize wenye nyumba kama wazima.

"Wazima. Tunaoga."

Hakuna mtu anayeoga tangu asubuhi hadi mchana. Nikazunguka nyumba, nikasimama nje ya bafu. Mabati hayafiki chini. Katika ule uwazi niliuona mkono wake umelala juu ya saruji, kiganja juu, maji yanapita kati ya vidole. Nikageuza macho. Mkono tu, na nikageuza macho.

"Tata, mmeanguka?" Hapo hapakuwa na kuku. Nilimsemesha mwenyewe, nikamwita Tata, yaani baba, mara ya kwanza tangu niolewe.

Nikasikia akijaribu kujiinua. Kisha akasema taratibu, "Usiingie, mwanangu. Sina nguo. Mwite Aliko."

Simu ya Aliko haikupatikana. Nilikimbia nyumba hadi nyumba, nikakuta wanawake na watoto. Mama Elizabeth, ambaye ni mkubwa wetu wote hapa, alinishika kanga. "Usithubutu kuingia. Utamwua kwa aibu. Katafute mwanaume." Nikamwamini, kwa sababu na mimi ndivyo nilivyofundishwa. Nikaenda mpaka barabara kubwa, maji magotini, hakuna bodaboda hata moja. Kwenye kibanda cha kununulia kokoa nikamkuta Lazaro amejikinga mvua. Lazaro anatununulia kokoa sote, ni mtu mwema, hakuuliza maswali. Tulirudi tukikimbia, lakini njia ilikuwa mbaya, na mpaka tunafika mvua ilikuwa imeshakatika.

Lazaro akaingia. Nikamrushia kanga yangu juu ya mabati, uso nimeuelekeza kwenye migomba.

"Mzee ni wa baridi kama samaki," nikamsikia anasema. Kisha mzee akapiga ukelele alipoinuliwa, ukelele mmoja, akajizuia.

Nyonga imevunjika. Kifua kimeingiwa na baridi. Alianguka asubuhi akifuata sabuni, na alinisikia nilipoleta chai. Alinisikia, akaamua kunidanganya, ili nisimwone.

Mlango wa lile bafu ni gunia. Nina mikono miwili yenye nguvu, nabeba ndoo na magunia ya mpunga kila msimu. Kati yangu na mzee aliyelala majini palikuwa na gunia, na mimi nilikwenda kumtafuta mwanaume.

Aprili 20

Hospitali. Mimi nakaa nje kwenye benchi, Aliko anaingia. Wodini manesi ni mabinti wadogo kuliko mimi. Wanamgeuza, wanamfuta, wanambadilishia shuka, na Aliko anasema mzee hatamki neno. Kwa wageni haoni aibu. Nimekasirika, sijui nimkasirikie nani.

Aprili 21

Nancy kafika. Kanikuta kwenye benchi.

"Wifi, ulisimama nje?"

"Nilisimama."

"Ukimsikia?"

"Nikimsikia."

Nilikuwa tayari kwa matusi. Hakunitukana. Alikaa kando yangu, akavua viatu vilivyolowa, akasema kwa sauti ya uchovu, "Na mimi ndiye niliyemwambia Aliko lile bafu linaweza kusubiri mpaka palizi iishe. Alinipigia kuniuliza." Tukakaa hivyo, wawili, mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Nilikuwa namwona kama polisi. Ni mtoto tu anayeogopa kufiwa.

Aprili 29

Madaktari wamesema hawezi kupasuliwa, kifua hakiruhusu. Ataishi kitandani. Nancy kaliweka jambo wazi wodini mbele ya ukoo, mzee akiwa amelala anasikiliza, mimi nikiwa nyuma ya mlango.

"Baba, mtu wa kitandani anahitaji kuogeshwa, kugeuzwa na kulishwa. Aliko ana shamba lake na watoto wake. Ukitaka kubaki Ipyana, mtu wa kukufanyia ni Tumaini. Mfungulie mwiko huu wa kutokutazama, akuone, haya yaishe. Usipotaka, twende Mbeya."

Hezroni, mdogo wake mzee, akasema zamani wazee walikuwa wakimfungulia mkwe kwa heshima, ikibidi, si jambo la ajabu. 

Mzee akasema atafikiri.

Mei 1

Anafikiri. Mvua.

Mei 2

Bado. Nimefagia nyumba yake, nimenunua beseni jipya na kitambaa laini. Nimemwomba Mungu aseme ndiyo. Naogopa pia. Sijui nitaweka wapi macho yangu.

Mei 3

Kasema Mbeya.

Mei 5

Gari la Nancy, mzee akiwa ndani, lilipita nyumbani kutoka hospitali kuchukua nguo zake. Nilisimama nyuma ya migomba. Aliko aliniletea ujumbe: "Mzee anasema usidhani amekukataa. Anasema umemtunza kama binti, na binti hawezi kumpa kazi ya kufuta uchafu wake. Bora aende akafie kwenye vigae vya Nancy."

Basi nikatoka mgombani. Nilivuka uwanja mpaka dirishani kwenye gari, wakwe na majirani wakitazama, nikamtazama. Nilisema, "Tata, bakini. Mimi nataka."

Alivuta kofia chini mpaka kidevuni. Nilichokiona ni kofia na mikono iliyokonda imeishikilia. Nancy alikuwa analia juu ya usukani. Gari likaondoka. Mama Elizabeth akanifunika kanga begani, hakunikemea, ila alinirudisha ndani kama mtu aliyepatwa na wazimu.

Mama mkwe, nilishindwa.

Mei 12

Mvua inapungua. Mpunga unaanza kuwa njano. Sina wa kunilalamikia chumvi.

Mei 16

Siti kaniambia nirudi dukani, kazi imejaa. Nimeshona sare za kwaya siku nzima. Jioni akanifungia maandazi, akasema, "Tumaini, heshima hiyo mliipeana nyote wawili. Usiibebe peke yako." Siti akisema bila kutania najua hali yangu ni mbaya.

Mei 19

Simu ya Nancy. "Wifi, subiri, kuna mtu."

Nikasikia pumzi. Kisha sauti yake, nyembamba kuliko ile ya barazani.

"Mwanangu Tumaini."

Jina langu hakuwahi kulitaja. Nilikaa chini.

"Mugonile, Tata," nikasema, kumuuliza kama amelala salama, ingawa ilikuwa jioni.

"Huku ni pazuri," akasema. "Kila kitu ni cheupe. Nancy ananihudumia vizuri. Lakini nikifumbua macho sijui niko upande gani wa dunia." Akakohoa kwa muda. "Nilikuwa nakuonea huruma, kumbe nilikuwa najionea aibu. Nimechoka na aibu. Ukinitaka bado, nirudisheni. Utaniona nilivyo."

Nikamwambia namtaka. Nilisema mara nyingi, mpaka Nancy akachukua simu akasema amelala.

Mei 21

Aliko kachimbua ile sakafu ya bafu, kamwaga zege yenye kokoto, kasimika vyuma viwili. Mtu wa kitandani hataoga humo, sote tunajua. Sikumzuia. Alifanya kazi bila kuinua kichwa.

Mei 23

Nimehamishia kitanda cha mzee dirishani aone migomba. Nimefunga kamba ya kujivutia akitaka kuinuka. Nancy kanifundisha kwa simu namna ya kumgeuza bila kumuumiza nyonga, na namna ya kumkausha vizuri asipate vidonda. Ezra karudi, nimejaribu kwake. Ezra kasema nina mikono mizuri.

Mei 25

Kafika saa za jioni. Wanaume wanne walimteremsha kwa shuka, wakampitisha mlangoni. Mimi nilikuwa barazani, na kwa mara ya kwanza sikuondoka. Lakini alikuwa amefumba macho kwa uchovu wa safari, nami sikutaka kumwibia uso wake akiwa hajui. Nikageuka mwenyewe.

Baadaye kidogo akaita kutoka ndani. Hezroni, Nancy na Aliko walikuwepo, wote walisikia.

"Tumaini, nimefika kwangu. Leo nimechafuka na vumbi la njia, sitaki unione hivi mara ya kwanza. Kesho asubuhi uingie na maji yako."

"Ndiyo, Tata."

"Ndaga, mwanangu."

Nimeteka maji ndoo tatu. Nimeweka kuni ndani zisilowe umande.

Mei 26

Niliamka alfajiri nikawasha moto. Nilivaa kitenge kizuri. Maji yalikuwa yanachemka Aliko alipotoka nyumbani kwa mzee, alikolala naye usiku, chini kando ya kitanda. Alisimama mlangoni pa jiko langu akiyatazama yale maji. Nikajua.

Alikata roho usingizini, akielekea dirishani. Nancy yuko naye. Ezra kaenda kuwaita watu.

Wazee walipofika Hezroni akasema wanaume ndio watakaomwosha, wanawake wakae nje. Ni kawaida, hakusema kwa ubaya. Nancy akatoka ndani, macho yamevimba, akamwambia, "Baba mdogo, jana ulisikia mwenyewe baba alimwambia nani aingie." Hezroni akasogea kando ya mlango akanipisha.

Nikaingia. Uso wake ni mwembamba, una kovu dogo juu ya nyusi ambalo hakuna aliyewahi kuniambia, na Ezra ana mdomo uleule. Nilimtazama mpaka nikatosheka.

Nikachanganya maji kwenye beseni, nikayajaribu kwa kiwiko. Aliko akaninong'oneza kwamba sasa hata ya baridi yanatosha.

Nikamwambia mzee ameshalala kwenye ya baridi vya kutosha, nikaanza na mikono.